Sakafu ya Mbao: Usilipie Ahadi, Lipia Mbao Iliyokauka

Mmoja wetu hapa ofisini ana sarafu ya shilingi kumi iliyozama kwenye sakafu ya sebule yake. Haikubiringika chini ya kochi. Ilisimama wima katikati ya mbao mbili, ikateremka, na mpaka leo iko hapo. Sakafu yenyewe ni ya mbao ngumu, ya rangi ya kahawia inayopendeza macho, na ilimla akiba ya miaka mitatu. Iliwekwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha. Kufikia Februari, jua likiwa kali, mbao zilikuwa zimeachana kiasi cha kumeza sarafu.

Alipompigia fundi, simu ilikuwa mteja. Akapiga kesho yake, bado mteja. Pesa zilikuwa zimelipwa zote siku ya kwanza, kwa simu, kwa muda usiotosha hata chai kuchemka.

Kazi yetu sisi ni kuhakikisha pesa yako inafika haraka inakokwenda. Kwa hivyo tunalosema leo huenda hukutarajia kulisikia kwetu: kwenye sakafu ya mbao, malipo ya haraka ndiyo yanayoharibu kazi. Si ubaya wa mti, na mara nyingi si hata ubaya wa fundi. Ni mpangilio wa pesa. Msimamo wetu ni huu: usilipe pesa ya mbao kabla hujajua kwamba zimekauka, na usilipe pesa ya kazi kabla hujaiona. Pesa ifuate mbao hatua kwa hatua, isitangulie.

Tukueleze kwa nini, halafu tukuonyeshe namna ya kufanya.

Mbao huachana kwa sababu gani?

Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Kwenye miti mingine, uzito wa maji hayo hufika nusu ya uzito wa mbao kavu au hata zaidi. Ukipasuliwa mbao, maji huanza kutoka, na huendelea kutoka mpaka mbao ilingane na hewa ya mahali ilipo. Ndani ya nyumba ya Nairobi au Nakuru, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 10 hadi 12. Mombasa na Malindi, kwa sababu ya hewa ya bahari, huwa juu kidogo ya hapo.

Ikikauka, mbao hunywea. Hainywei kwa urefu, maana ubao wa futi kumi hubaki karibu futi kumi. Hunywea kwa upana. Ubao wa inchi nne ukilazwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20, kisha ukaukie hapo chini mpaka asilimia 10, unaweza kupungua milimita mbili au tatu. Utasema milimita mbili ni nini? Lakini kwenye sebule ya upana wa mita nne, ukijumlisha mbao zote, unapata kama sentimita kumi. Huo ni upana wa ubao mzima! Ni kama fundi amekuibia safu moja, isipokuwa ameisambaza mianya kila mahali ili usiione mapema.

Na kinyume chake pia ni shida. Mbao kavu ikilazwa juu ya simiti yenye maji, huvimba. Mbao zinasukumana, zikikosa pa kwenda zinainuka katikati ya chumba. Watu huamka asubuhi wakakuta sakafu ina mgongo.

Kwa nini fundi analeta mbao mbichi?

Wengi husema ni tamaa. Sisi tunaona ni hesabu. Mbao iliyopasuliwa na kupangwa kivulini, na vijiti katikati ili hewa ipite, huhitaji miezi mingi kukauka. Ikiingizwa kwenye tanuri la kukaushia hukauka haraka zaidi, lakini tanuri lina gharama. Mwenye yadi ambaye mbao zake zimekaa miezi minane ana pesa iliyokaa miezi minane. Lazima aongeze bei.

Sasa wewe unamwita fundi, anakwambia, "Mama, wewe tuma tu yote, nipite yadi leo nichukue mbao, kesho tuko kazini." Bei yake iko chini kuliko ya wengine. Unafurahi. Unatuma. Kuanzia dakika hiyo, fundi ana kila sababu ya kununua mbao ya bei rahisi zaidi, nayo ni ile iliyopasuliwa wiki iliyopita. Ikishapigwa randa, msasa na vanishi, mbao mbichi na mbao kavu zinafanana. Tofauti itajitokeza baada ya miezi mitatu, na wakati huo pesa haipo kwako tena.

Hapa ndipo tunapotaka ukumbuke jambo moja kuhusu huduma yetu. Kuomba pesa irudishwe kumewekwa kwa ajili ya makosa ya kutuma, kwa mfano umekosea tarakimu moja na pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua. Hakukuwekwa kwa ajili ya sakafu iliyopasuka. Fundi uliyemlipa kwa hiari yako ni mtu uliyekusudia kumlipa. Hatuwezi kuingia kwenye laini yake tukachukua pesa kwa sababu mbao zimeachana. Ulinzi wako uko kabla ya kuweka PIN, si baada.

Pima mwenyewe

Kuna kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa mbao, chenye meno mawili ya chuma unayoyachomeka kwenye ubao, kikakuonyesha asilimia papo hapo. Fundi wa sakafu anayejiheshimu anacho au anajua pa kukipata. Mwambie aje nacho yadi, na upime mbao kadhaa, za juu na za katikati ya rundo, kwa sababu za juu hukauka kwanza.

Kama kifaa hakuna, tumia mizani ya jikoni na ovena. Omba kipande kidogo, kilichokatwa mbali na ncha ya ubao, maana ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipime uzito. Kiweke ovenini kwa nyuzi 103 hivi, usizidishe, na ukipime tena kila baada ya saa moja au mbili mpaka uzito uache kushuka. Kisha piga hesabu: toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kikianza gramu 112 na kuishia gramu 100, unyevu ni asilimia 12, na mbao hiyo inafaa. Kikianza gramu 125, ni asilimia 25. Mwambie mwenye yadi asante, tutaonana.

Hata mbao kavu isilazwe siku ile ile inapofika. Iache ndani ya chumba chenyewe wiki moja au mbili, imepangwa na vijiti katikati, izoee hewa ya nyumba.

Usisahau simiti. Chukua karatasi ya nailoni ya upana wa mita moja hivi, ibandike juu ya simiti kwa gundi ya karatasi pande zote nne, uiache siku moja au mbili. Ukiibandua ukakuta matone ya maji chini yake, au simiti imekuwa nyeusi hapo, bado ina maji. Ngoja. Nyumba mpya ndizo huumia zaidi hapa, kwa kuwa mwenye nyumba anakimbizana na tarehe ya kuhamia.

Jua jina la unachokinunua

Siku hizi vitu vitatu tofauti vinauzwa kwa jina moja la "sakafu ya mbao". Cha kwanza ni mbao halisi, kipande kimoja cha mti kuanzia juu hadi chini. Cha pili ni tabaka jembamba la mbao ngumu lililogandishwa juu ya plaiwudi. Cha tatu ni picha ya mbao iliyobandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kile wengi hukiita lamineti. Hakuna kibaya kati ya hivi vitatu, kila kimoja kina mahali pake. Kibaya ni kulipia cha kwanza ukapewa cha tatu. Mbao halisi ikichakaa unaipiga msasa na vanishi, inarudi mpya, na unaweza kurudia hivyo mara kadhaa. Picha ukiipiga msasa umeifuta.

Kwenye mbao halisi nako kuna majina. Mvule ni mgumu, unastahimili mchwa, na rangi yake ya dhahabu huiva kuwa kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Mninga hunywea kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine ngumu, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Mahogani ni laini kidogo lakini ni mzuri kwa vyumba vya kulala. Mkaratusi ni mgumu na bei yake ni nafuu, ila usipokaushwa kwa subira hujipinda kama nyoka. Saipresi na paini ni mbao laini. Zinafaa dari, lakini kwenye sakafu kisigino cha kiatu kitaacha alama.

Halafu kuna muhugu. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zina sakafu ya vibao vifupi vilivyopangwa kwa kupishana, ile watu huiita pakei, na nyingi kati ya hizo ni za muhugu. Ni mti mgumu ajabu, mzito, wenye harufu nzuri ukikatwa, na leo umekuwa adimu. Kama umehamia kwenye nyumba ya aina hiyo na chini ya kapeti kuna pakei iliyofifia, tafadhali usiing'oe uweke vigae. Mlipe fundi aipige msasa. Mbao hizo zimekaa miongo kadhaa ndani ya nyumba, hazina maji ya kutoa tena. Vivyo hivyo, ukisikia nyumba ya zamani inabomolewa, nenda ukaulize vibao vinauzwa pesa ngapi.

Jihadhari na rangi. Mbao nyeupe ya bei rahisi ikipakwa rangi nyekundu huitwa mahogani hapo hapo yadini. Geuza ubao uangalie upande wa chini, au omba ukatwe kidogo kwenye ncha. Rangi ya kopo hukaa juu juu, rangi ya mti iko mpaka ndani.

Na uliza mbao imetoka wapi. Kuanzia Februari 2018 hadi 2023 serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mbao ngumu nyingi unazoziona yadini zimevuka mpaka, kutoka Kongo, Uganda au Tanzania. Mbao halali ina karatasi zake. Isiyo na karatasi inaweza kukamatwa njiani, ikiwa juu ya lori na pesa yako ikiwa tayari kwa muuzaji. Atakwambia yeye alishapakia. Omba kuona karatasi kabla ya kulipa, wala usione haya.

Hesabu ya futi inavyokula pesa

Mbao hapa kwetu huuzwa kwa futi ya urefu. Fundi akikutajia idadi ya futi, ijaribu mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, yaani mita 20 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kutupwa, upate 22. Ubao wa inchi nne una upana wa milimita 100, lakini ukishapigwa randa na kuchongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili mbao ziumane, upana unaoonekana juu hubaki kama milimita 85. Gawanya 22 kwa 0.085 unapata mita 259, ambazo ni kama futi 850. Ukisahau ulimi na mfereji ukagawanya kwa 0.1, unapata futi 720 tu.

Tofauti ni futi 130. Fundi aliyekupigia hesabu ya 720 atakurudia katikati ya kazi akisema mbao zimepungua. Hapo utakuwa umebanwa, na mbao za nyongeza zitanunuliwa mbio mbio, zikiwa mbichi. Aliyekupigia hesabu ya 1,100 naye, mwulize hizo nyingine ni za nyumba ya nani.

Pesa ifuate mbao

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Tuseme mmepatana mbao shilingi 140,000 na ufundi shilingi 60,000. Hizi ni namba za mfano tu, bei ya kwako itategemea mti na mahali. Sisi tungelipa hivi.

Kwanza, 6,000 kwa fundi, siku ya kuja kupima chumba, kupima unyevu wa simiti na kuandika orodha ya mbao. Hiyo ni haki yake hata kama hamtaendelea.

Pili, 140,000 kwa yadi, si kwa fundi. Nenda naye yadi, pimeni unyevu, hesabuni futi, kisha lipa kwenye till au paybill ya yadi yenyewe. Jina likitokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, lisome. Kama yadi ina jina lake na skrini inaonyesha jina la mtu binafsi, simama uulize. Na mtu akikutumia ujumbe katikati ya kazi kwamba "till imebadilika, tumia hii nambari nyingine", usitume. Piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, au nenda mwenyewe.

Tatu, 15,000 mbao zikishalazwa nusu ya chumba. Kabla ya kutuma, piga magoti uangalie ukutani. Lazima pawe na nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya mbao na ukuta, pande zote, ili mbao zikivimba wakati wa masika zipate pa kwenda. Nafasi hiyo itafunikwa na skatingi baadaye. Kama mbao zimegusana na ukuta, ni rahisi kurekebisha leo. Baada ya vanishi ni vita.

Nne, 15,000 mbao zote zikiwa chini. Tembea chumba kizima bila viatu. Usikie kama kuna ubao unaolia au unaocheza.

Tano, 15,000 baada ya msasa na vanishi. Msasa hupigwa kwa awamu, kuanzia ule mkali hadi ule laini, na vumbi lifagiliwe vizuri kabla ya kila mkono wa vanishi. Angalia sakafu mwanga wa dirishani ukiipiga kwa ubavu. Mikwaruzo yote huonekana hapo.

Sita, 9,000 za mwisho, baada ya wiki sita au nane. Pesa hii ndiyo inayomfanya fundi apokee simu yako. Mpatane tangu siku ya kwanza, mwandikiane kwenye WhatsApp kwa maneno mepesi: aina ya mbao, unyevu usiozidi asilimia ngapi, futi ngapi, malipo ya mwisho tarehe ngapi. Ukishatuma kila fungu, usifute ujumbe wa uthibitisho. Mkija kukosana, ujumbe huo na yale mliyoandikiana ndio mashahidi wako. Ukiupoteza, omba taarifa ya miamala yako.

Kuna atakayesema: mkigawa malipo mara sita, si ndiyo nyinyi mnakula ada mara sita? Swali zuri, na hatutalikwepa. Ndiyo, ukituma kwa nambari ya mtu, kila fungu lina ada yake, na jumla huzidi ada ya kutuma mara moja. Fungua orodha ya ada uone tofauti ni kiasi gani kwa mafungu yako. Halafu ilinganishe na bei ya kung'oa sakafu nzima. Isitoshe, pesa kubwa kuliko zote, ile ya mbao, inaenda kwenye till ya yadi, na huko kwa kawaida mnunuzi hakatwi.

Na fundi je?

Tusipomtaja fundi tutakuwa tumepika ugali bila mboga. Mafundi nao ni wateja wetu, na wanayo ya kusema. Wanasema mwenye nyumba akishaona sakafu inang'aa, fungu la mwisho hugeuka hadithi. "Niko mkutanoni." "Mwisho wa mwezi." "Simu ilizima." Fundi aliyezungushwa mara tatu namna hiyo, safari ya nne atadai pesa zote mbele. Ukitaka kujua kwa nini fundi wako haamini mafungu, mwulize aliyemwajiri kabla yako.

Kwa hivyo mpango huu una masharti pande zote mbili. Kama umeahidi 15,000 nusu ya chumba ikiisha, tuma jioni hiyo hiyo, nusu ikiisha. Usingoje aombe. Kama wiki nane zimepita na sakafu imetulia, tuma zile 9,000 kabla hajapiga simu. Pesa ya simu hufika kwa sekunde chache, kwa hivyo huna kisingizio cha benki kufungwa. Haraka ambayo ni hatari siku ya kwanza huwa heshima siku ya mwisho.

Na fundi aliyelipwa hivyo hana sababu ya kununua mbao mbichi. Faida yake haiko tena kwenye tofauti ya bei ya yadi, iko kwenye kazi. Ana sababu ya kungoja simiti ikauke, kwa kuwa fungu lake la mwisho liko juu ya simiti hiyo. Mafundi wazuri wanaupenda mpango huu tukiwaeleza, kwa sababu unawatenga na wale wanaowaharibia jina. Anayekataa kabisa, akisema ni yote leo au hakuna kazi, amekupa jibu ulilokuwa ukilitafuta, tena bure.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi tunaofanya biashara ya haraka tunakubali kwamba walisema kweli. Mti ulikua miaka mingi. Ukauke miezi, ukae ndani ya chumba chako wiki mbili, ulipiwe kwa wiki kadhaa. Si muda mrefu kwa sakafu ambayo wajukuu wako watatambaa juu yake.

Kabla hatujaagana, lile la kila siku: hakuna mfanyakazi wetu, fundi wala yadi anayehitaji kujua PIN yako. Atakayeiomba, kata simu.

Yule mwenzetu wa ofisini amepata fundi mwingine. Huyu alikuja na kifaa cha kupimia, akachomeka hapa na pale, akasema mbao sasa zimekauka kabisa na hazitatembea tena sana. Zinaweza kung'olewa kwa uangalifu, zisogezwe pamoja, na pale mwisho, karibu na ukuta, iongezwe safu moja ya ubao. Mbao zile zile, kazi mara mbili. Ameanza kuweka akiba upya, na safari hii mafungu yameandikwa.

Sakafu ikiinuliwa, ile shilingi kumi yake ataiokota. Zile nyingine zimeenda.